Makamu Aliposema "Nzuri"

Shule yetu ina wanafunzi mia mbili na kidogo, na kila siku, nusu saa kabla hawajagusa vijiti vyao vya kulia, mtu mmoja hutangulia kula. Ndivyo sheria inavyotaka. Sinia linatoka jikoni, linawekwa mezani kwake, anakula kila kilichomo, anangoja aone kama tumbo limekubali, kisha anapiga muhuri wake na kuinua simu: sawa, gaweni. Mtu huyo alikuwa Makamu Nagatomi. Na tangu Februari hadi katikati ya Julai, mtu huyo alilila sinia lile ilhali hawezi kunusa wala kuonja kitu chochote. Ungemchanganyia sabuni kwenye wali angemaliza bakuli na kushukuru.

Nayasema haya mapema ili hasira zangu zieleweke. Watu husema nina hasira za karibu, na sikatai, lakini hili lingemkasirisha hata mtawa.

Kuonja hakukuwa kazi yake kwanza. Ni kazi ya Mkuu wa shule. Lakini Mkuu Iwabuchi ana mikutano, na katika shule za nchi hii, kitu chochote kisicho na mwenyewe huangukia mezani kwa makamu. Nyigu wamejenga chini ya paa: makamu. Theluji imeziba lango: makamu. Mama fulani kapiga simu, mwanawe karudi nyumbani na kiatu kimoja: makamu. Jirani analalamika kwamba tarumbeta za wanafunzi zinamwamshia mtoto: makamu aende akainame mlangoni na boksi la keki. Nagatomi ni mwembamba, ana miaka hamsini na saba, huvaa jaketi la michezo la kijani juu ya shati na tai, na mfukoni ana bisibisi. Zamani alifundisha sayansi na wanasema alifundisha vizuri. Siku hizi hamfundishi mtu. Yeye halalamiki, kwa hiyo mimi huwa nalalamika kwa niaba yake.

Ila sinia lile alilipenda. Kwao walikuwa watu wa achari. Baba yake alikuwa na mapipa ya figili nyuma ya nyumba, na mtoto Nagatomi ndiye aliyetumwa kuchovya kidole na kuja kusema pipa gani limeiva na lipi liachwe. Ulimi wake ulilelewa hivyo, na ulimi ule ulikuwa balaa kwa Bi. Tsukuda, mkuu wa jikoni, mama mfupi mwenye sauti inayotoka jikoni ikafika chumba cha muziki bila kipaza sauti. Kila adhuhuri, baada ya kupiga muhuri, Makamu aliinua simu.

"Bi. Tsukuda, karoti za leo zimekatwa na mtu mwenye haraka."

"Zimekatwa na mimi."

"Basi ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na ndoo mbili za karoti na wasaidizi wawili, mmoja anaumwa mgongo. Njoo ukate wewe, Makamu, kisu kipo."

"Na supu imeachwa ichemke baada ya kutiwa miso, na hilo rojo la soya halitaki kuchemka. Harufu yote imekimbia."

"Imekimbia sauti yako!"

Pwaa, simu inakatwa. Kesho yake karoti zote sawasawa kama zimepimwa. Sisi walimu hatukuinua vichwa, lakini hakuna kalamu iliyokuwa ikiandika. Yale ndiyo yalikuwa mapumziko yetu.

Februari mafua makali yakapita shuleni, madarasa mawili yakafungwa, na Makamu naye akaanguka. Alikaa kitandani wiki nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akarudi amekonda, na barakoa usoni. Saa ya sinia ikafika. Akala kila kitu, akapiga muhuri, akainua simu.

"Nzuri," akasema. Akaiweka chini.

Kesho yake: "Nzuri." Keshokutwa yake pia. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, mzee kalainika, homa imemfundisha utu. Ndivyo nilivyo kipofu.

Aprili mwaka mpya wa shule ulipoanza, nikakuta meza yangu haipo. Miaka mitatu nilikaa dirishani, karibu na mashine ya kuchapishia, mahali nilipopigania. Sasa meza ilikuwa imepelekwa katikati, uso kwa uso na meza ya Makamu. Nikamwendea mwalimu wa taaluma.

"Mbona mimi?"

"Imeamuliwa hivyo, Mwalimu Hawa."

"Imeamuliwa na nani?"

"Imeamuliwa," akasema tena, akanipa peremende.

Nimeishi hapa miaka kumi na moja, na neno hilo nimelisikia kuliko jina langu. Mambo ya hapa hujiamua yenyewe. Yanaota usiku kama uyoga, asubuhi watu wanayazunguka. Nikahamia pale nimenuna, na ndivyo nilivyoanza kula, kusahihisha na kupiga miayo mbele ya Makamu Nagatomi.

Ikaja Juni. Mvua haikatiki, kuta zinatoka jasho. Katika boksi la vitu vilivyopotea palikuwa na kisanduku cha chakula kilichosahauliwa tangu matembezi ya darasa la pili, majuma mawili nyuma. Makamu akakileta mezani atafute jina la mwenyewe. Akafungua kifuniko.

Harufu ile sitaieleza, kwa heshima ya msomaji. Macho yalinitoka machozi, nikahisi chakula cha mchana kikiomba ruhusa ya kurudi. Makamu akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa kile kilichokuwa zamani mayai ya kukaanga, akasoma jina ndani ya kifuniko, akasema kwa utulivu kabisa, "Ni cha Sugaya, wa Pili B. Mama yake atakuwa anakitafuta."

Nikatazama huku na huku. Chumba kimejaa walimu, hakuna aliyeinua kichwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha karatasi huku machozi yanamtiririka. Nikasimama.

"Makamu, funika! Jamani, funika hicho kitu!"

Akaniangalia, akakiangalia kisanduku, akafunika polepole. Masikio yalikuwa mekundu. "Samahani," akasema. "Mafua hayajaisha." Hakuwa na mafua yoyote, na mimi nikaanza kukumbuka zile "nzuri" zote.

Jioni ile nikamkuta nje, yuko juu ya ngazi, anatoa majani kwenye mfereji wa paa ulioziba. Nani mwingine angeutoa? Nikashika ngazi.

"Makamu, tangu lini hunusi?"

Fungu la majani machafu likaanguka karibu na mguu wangu. "Nani kasema sinusi?"

"Kile kisanduku kimesema."

"Shika ngazi vizuri, Mwalimu Hawa."

"Nimeshika. Na kuonja je?"

Akachokonoa fungu jingine la majani. Maji yakaanza kutembea kwenye mfereji.

"Februari," akasema kutoka juu, bila kunitazama. "Siku ya tatu ya homa mke wangu aliniletea uji wa wali na achari ya baba, ya mwisho, ile aliyoiacha kabla hajafariki. Nikamwambia umesahau kuweka achari. Kumbe nilikuwa nayo mdomoni."

Nikaikamata ngazi kwa mikono yote miwili.

"Daktari anasema huenda ikarudi," akaendelea. "Huenda isirudi. Amenipa vichupa vinne vya manukato ninuse asubuhi na jioni."

"Unasikia nini?"

"Chupa."

"Sasa kwa nini humwambii Mkuu?"

"Nikimwambia itabidi aonje yeye, na ana mikutano. Au apewe mwalimu mwingine, na huyo ana vipindi. Kitaitishwa kikao. Itaandikwa ripoti kwenda ofisi ya elimu. Watu watasumbuka."

"Na watoto wakiharisha hawatasumbuka?"

"Naangalia rangi. Naangalia mnato. Nachoma nyama kwa kijiti nione kama imeiva. Na Bi. Tsukuda hajawahi kukosea."

"Hajawahi kukosea! Miaka minne umempigia simu kila siku ya Mungu kumwambia amekosea!"

Hapo akacheka kidogo, kicheko cha uangalifu cha mtu aliye juu ya ngazi. Kisha akashuka, akasimama mbele yangu na mikono yake imejaa matope.

"Nikiliacha lile sinia," akasema, "nitakuwa nimekubali kwamba haitarudi. Nipe hadi likizo ya kiangazi. Kama bado, nitasema mwenyewe. Naomba hili liwe siri yetu."

Nikakubali. Msiniulize kwa nini. Pengine kwa sababu ya yale masikio. Pengine kwa sababu kwa miaka yote hii hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuniomba jambo waziwazi namna ile, bila kulizungusha kwanza kwenye hali ya hewa. Bibi yangu kule Muheza angesema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilimwambia Makamu hivyo hivyo, nikaongeza kwamba kuumbuka yeye ni shauri lake, lakini watoto mia mbili hawakuomba kuumbuka pamoja naye. Akasema, "Najua." Tulirudi ndani, kila mmoja akavua viatu vyake vya nje na kuvaa vya ndani.

Basi nikawa kichaa. Kila adhuhuri sinia likifika, kalamu yangu ilianguka. Nainama kuiokota, nanyoosha shingo, nanusa supu. Inaanguka tena, nanusa samaki. Nilijifunza kunusa kwa siri kama paka wa sokoni.

"Mwalimu Hawa, unahitaji kitu?"

"Kalamu tu, Makamu."

"Siku hizi kalamu zako zinaanguka sana."

"Ni unyevu. Zinateleza."

Nilimchukia kwa dakika ile, nikajichukia na mimi. Kipindi cha baada ya chakula sikuwa nikifundisha, nilikuwa nikihesabu watoto wanaoomba kwenda chooni. Darasa la pili walisoma aya moja mara nne kwa sauti, nami nimekodoa macho kwenye tumbo la Sugaya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema wazee, na safari hii matumbo yenyewe yalikuwa mia mbili. Makamu alikuwa ametulia. Anakula, anapiga muhuri, anainua simu: "Nzuri." Upande wa pili wa simu kimya, kisha inakatwa taratibu. Hata ile pwaa ya zamani haikuwepo tena.

Likizo ikabaki siku chache. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, nyenze wanapiga kelele hata husikii kengele. Sinia likaja: wali, samaki wa kukaanga, matango, supu, na boksi la maziwa. Nikaangusha kalamu. Samaki salama. Supu salama. Maziwa yalikuwa yamefungwa, ningenusa nini? Makamu akachoma mrija, akayanywa yote hadi mrija ukakoroma, akapiga muhuri, akainua simu. "Nzuri. Gaweni."

Akanyanyuka kwenda kushughulika na bomba lililokuwa likivuja. Nikalichukua lile boksi tupu, nikalifungua mdomo, nikanusa.

Yalikuwa yamechacha. Si kidogo, yamechacha ya kuweza kutembea.

Nilikimbia. Kukimbia koridoni ni marufuku, na mimi ndiye niliyebandika tangazo. Nikawapita watoto wa zamu ya kugawa chakula wakiwa wamevaa aproni nyeupe na kofia, wamejipanga na matoroli yao. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, ndipo nilipojua nimeogopa kweli. Nikaingia jikoni na viatu nilivyokuwa navyo, kosa lingine.

"Bi. Tsukuda! Maziwa! Usigawe maziwa, yamechacha!"

Bi. Tsukuda alikuwa akimimina chai ya shayiri kwenye mabirika. Hakugeuka. "Tunajua. Friji lilizima. Maziwa yapo mlangoni yanasubiri gari liyarudishe. Watoto watakunywa chai."

Kweli, makreti yalikuwa yamepangwa nje juani. Nikasimama nahema.

"Mmejuaje? Makamu amesema nzuri!"

"Makamu husema nzuri kila siku. Mkuu ndiye aliyepiga simu."

"Mkuu yuko mjini mkutanoni."

Msaidizi mmoja akachekea ndani ya barakoa. Bi. Tsukuda akafunika birika. "Mkuu yuko ndani ya gari lake nyuma ya ukumbi wa michezo. Sinia lake linatokea mlango wa nyuma. Analaza kiti ili asionekane, anakula, anatupigia. Akiwa na mkutano wa kweli, mwalimu wa afya ndiye anayekula, kwenye kitanda cha wagonjwa, pazia limefungwa."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Kwa hiyo mnajua. Wote mnajua."

"Mwanangu, hata watoto wanajua. Zamu ya darasa la tatu ndiyo inayompelekea Mkuu."

Nikaliegemea lile friji bovu. Nikazikumbuka kalamu zangu zote. Nikakumbuka mwalimu wa hesabu na machozi yake. Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma.

"Na katika nyinyi wote hakuna hata mmoja aliyeona vema kuniambia mimi?"

"Kukwambia wewe?" Sasa akageuka, mikono kiunoni. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja! Unadhani meza yako ilihamishwa kwa nini? Sisi tungemwambiaje mtu kama yule? Ungeanzia wapi? Tukasema, awekwe Mwalimu Hawa mbele yake. Yule hana adabu, ataona, atapiga kelele, yatakwisha. Tukangoja Aprili. Tukangoja Mei. Juni ukakinusa kile kisanduku, ukasimama, tukasema leo ndiyo leo! Kumbe unaenda kumshikia ngazi! Mwanangu, miaka kumi na moja ya hapa imekuharibu."

Nilifungua mdomo nimjibu, na ningemjibu vizuri, nilikuwa na maneno tayari. Lakini Bi. Tsukuda hakuwa akinitazama tena. Wasaidizi wake wote walikuwa wakitazama sakafu. Nikageuka.

Makamu Nagatomi alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi. Juu ya mdomo wake palikuwa na mstari mweupe wa maziwa. Alikuwa amenifuata, kwa sababu mtu akikimbia koridoni, hiyo nayo ni kazi ya makamu.

"Mmejua tangu lini?" akauliza.

Mashine ya kuoshea vyombo ilinguruma, ikanyamaza. Bi. Tsukuda akajifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, kama anayetaka kuichubua.

"Tangu siku ya kwanza uliyorudi," akasema. Sauti yake haikuvuka hata meza. "Siku ya nyama na viazi. Mjukuu wangu alikuwa amelazwa, kichwa changu hakikuwepo, nikatia sukari mara mbili. Ilikuwa kama jamu. Nikakaa kando ya simu. Nikasema leo Makamu atanichinja. Ukapiga. Ukasema 'nzuri'."

Akavuta pumzi.

"Miaka minne hujawahi kuniambia nzuri. Nikaiweka simu chini, nikaenda kulia kwenye vitunguu, ili hawa wasijue."

Wasaidizi wakazidi kutazama sakafu. Mimi sikujua nitazame wapi. Makamu alisimama tu, akionekana mtu aliyepewa mzigo na hajaona pa kuuweka, na wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Mkuu Iwabuchi, mtu mnene, shati limemganda mgongoni kwa jasho, amebeba sinia lake tupu. Akamwona Makamu. Akainama. Makamu akainama. Bi. Tsukuda akainama. Mkuu akainama tena, chini zaidi, bakuli likateleza kwenye sinia. Hakuna aliyesema samahani, hakuna aliyesema ahsante, hakuna aliyesema lolote la maana. Waliinamiana tu pale kati ya masufuria, na mimi nilitamani niwakamate vichwa niwagonganishe.

Hatimaye Makamu akasema, "Ndani ya gari hakuna joto, Mkuu? Julai hii?"

"Kidogo," akasema Mkuu.

Ndiyo yote. Huo ndio ulikuwa mkutano, ndiyo ripoti, ndicho kikao kilichoogopwa tangu Februari. Makamu akaufuta ule mstari wa maziwa kwa kiganja, akawaambia watoto wa zamu waingie kuchukua mabirika, akatoka. Alasiri nzima alishinda chooni kwa ajili ya yale maziwa, na chumba kizima cha walimu kikajifanya hakijui, kwa ustadi mkubwa. Walikuwa na mazoezi.

Kesho yake saa ya sinia ilipofika, msaidizi wa jikoni akaingia, akainama, akaliweka mezani kwangu: wali, supu, na samaki wa kukaanga tena.

"Hili si langu," nikasema.

"Imeamuliwa," akasema, akaondoka mbio.

Nikamtazama mwalimu wa taaluma. Alikuwa akitafuta kitu muhimu sana ndani ya droo. Makamu alikuwa amegeuza kiti chake kunielekea, mikono juu ya magoti. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakulala. Ulimi wake haujarudi hadi leo ninapoandika, na siku ile alikuwa ameshakubali. Nililiona hilo usoni mwake, na liliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Anza na supu," akasema.

Nikanywa. "Nzuri."

"'Nzuri' si jibu."

"Ina chumvi."

"Chumvi ipi? Inayokuja mapema au inayochelewa? Iko mbele ya ulimi au iko kooni?"

"Makamu, mimi nimeajiriwa kufundisha Kiingereza."

"Kunywa tena. Usimeze haraka. Funga macho."

Nikafunga. Nilipofungua moja kuchungulia, nikaona na yeye amefumba, na koo lake linapanda na kushuka pamoja na langu. Nikafumba tena haraka. Nikatafuta maneno, jasho linanitoka, kama mwanafunzi asiyesoma aliyeitwa ubaoni.

"Inakuja mapema," nikasema. "Halafu inakwisha ghafla. Nyuma yake kuna kitu kama moshi, lakini kwa mbali sana. Kama kingetakiwa kiwe kikubwa, kikakatishwa."

"Samaki mkavu wa kuchemshia supu," akasema Makamu, macho bado kayafumba. "Ametolewa sufuriani mapema." Akapapasa meza, akaipata simu.

"Bi. Tsukuda. Samaki wa supu umemtoa kabla maji hayajamsalimia."

Chumba kizima kalamu zilisimama. Kisha ile sauti ikalipuka kwenye simu, sote tukaisikia hadi kwenye mashine ya kuchapishia.

"Nani kasema? Huyo mgeni? Huyo anayetia maziwa na sukari kwenye chai ya kijani ndiye anayejua samaki wangu?"

"Ulimi ni wake. Maneno ni yangu."

"Basi njooni mpike wenyewe, nyinyi wawili! Njooni! Niliamka alfajiri kumloweka huyo samaki, na wewe umekaa hapo..."

Akaendelea, akamtukana na samaki, akamtukana na mfereji wa paa, akarudi kwenye karoti za mwaka juzi. Makamu aliiweka simu mbali kidogo na sikio, mikunjo ya uso wake ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Kisha akakiziba kinywa cha simu kwa kiganja na kuniinamia.

"Sasa onja samaki wa kukaanga," akaninong'oneza. "Upesi, Mwalimu Hawa, kabla hajamaliza."